Nani Atachota Maji Ukienda Kujitolea?

Boma la darasa linapoanza kupanda katika kijiji cha wilaya ya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, nguvu za wananchi huhesabiwa kwa kaya. Kila kaya ilete mawe kadhaa, ndoo kadhaa za mchanga, na mtu wa kuchimba msingi siku ya zamu ya kitongoji chake. Kwenye daftari la mwenyekiti kaya ina jina moja, na mara nyingi ni la mume. Sasa ifuatilie siku yenyewe. Mume ameshika sururu tangu saa mbili asubuhi. Mke yuko palepale akimchotea fundi maji, maana kazi hiyo ameachiwa yeye na wenzake, lakini kabla ya hapo alishachota ya nyumbani, akamenya ndizi, akabandika maharage, akamkabidhi mtoto mdogo kwa dada yake ambaye siku hiyo hakwenda shule. Jioni daftari linasema kaya imeshiriki. Imeshiriki kweli, ila mmoja alizisikia habari za kazi hiyo mkutanoni na mwenzake alizisikia jikoni.

Hoja yangu ni kwamba mwanandoa hajitolei peke yake hata akitaka. Saa anazotoa kwa kijiji kuna mtu anayezifidia nyumbani. Ikiwa gharama inalipwa na wawili, basi uamuzi ufanywe na wawili, na kazi ichaguliwe ile inayopata faida kwa kuwa wamekuja wawili. Washauri wengi wa ndoa huanzia kwenye mapenzi: mkijitolea pamoja, wanasema, mtafufua penzi. Huenda. Mimi naona hiyo ni faida ya pembeni, na mtu asije akajiunga na kamati ya maji kwa kutegemea kupata fungate. Naanzia kwenye jasho, kwa sababu jasho lina hesabu. Sheria yetu nayo ilifika hapo zamani: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ililisema hilo wakati ndoa imeshavunjika. Kijiji kinaweza kulisema mapema zaidi, na bila wakili.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao wengi Kagera wanaufahamu kwa jina la unyanjano, uligunduliwa Mukono, Uganda, mwaka 2001, na kufikia 2006 ulikuwa umethibitishwa mkoani Kagera. Mkulima wa Nkwenda au Nyaishozi hahitaji kuelezwa dalili zake: jani linalegea na kuwa njano kama lililomwagiwa maji ya moto, mkungu unaiva kabla ya wakati, ndizi ukiipasua ndani ina rangi ya kutu, na mgomba ukiukata, baada ya muda mfupi unatoa utelezi wa njano kama usaha. Hakuna dawa ya kunyunyizia. Ugonjwa husafiri kwa wadudu wanaotembelea ua dume, kwa miche iliyotoka shamba lenye ugonjwa, kwa mifugo inayotafuna migomba iliyoangushwa, na, kwa kiasi kikubwa, kwa vyuma vya mkulima mwenyewe. Hapo ndipo ndoa inapoingia. Panga la kuvunia mikungu na kupunguzia migomba kwa kawaida liko mkononi mwa mume. Kisu cha kukatia majani ya kufunikia chakula, na jembe linalopita chini ya migomba wakati wa kupanda maharage, viko kwa mke. Semina ya mnyauko ikimfundisha mume peke yake, nusu ya vyuma vya kibanja kile havijahudhuria semina.

Itazame kazi yenyewe kwa karibu. Unatafuta mti mrefu wenye panda kwenye ncha. Unasubiri chana ya mwisho itoke, kisha unaingiza panda kwenye kikonyo cha ua dume, unasokota mpaka ua linakatika na kuanguka. Hakuna chuma kilichogusa utomvu, kwa hiyo hakuna kitu cha kupeleka kwenye mgomba wa jirani. Panga na kisu hupitishwa kwenye moto hadi chuma kisishikike, au huoshwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, kabla ya kuhamia shina lingine. Mgomba mmoja ukiugua, hukatwa huohuo usawa wa ardhi na mingine ya shina lile huangaliwa. Njia hii imekuja kuchukua nafasi ya ushauri wa awali wa kung'oa shina zima, kazi iliyowavunja watu migongo na kuwavunja moyo. Lakini haifanyi kazi bila jicho linalopita kila wiki, na katika nyumba nyingi anayepita kila siku kati ya migomba, akitafuta majani na kuni na kupalilia, ni mke. Mume ana nguvu ya kukata; mke ndiye anayeona wa kwanza. Wakitengana, ugonjwa unapata nafasi katikati yao.

Kwa hiyo, kwa wanandoa wanaouliza waanzie wapi, jibu langu la kwanza ni hili: wekeni Jumamosi moja katika mwezi, ingieni vibanja viwili vya majirani, hasa vya wazee na wajane wasio na nguvu ya kufikia ua dume. Mume aeleze panga kwa wanaume wa pale, mke aeleze kisu na jembe kwa wanawake. Kibanja kisafi katikati ya vibanja vigonjwa hakidumu usafi, kwa sababu nyuki hana habari na mipaka yenu. Ukimsaidia jirani umejisaidia pia, na sioni aibu yoyote katika hilo. Afisa ugani wa kata ana vijiji vingi na pikipiki moja, akibahatika. Redio za jamii kama FADECO hufikisha mafundisho ya kilimo hadi mlangoni, lakini redio haiwezi kumshika mtu mkono na kumwonyesha panda iingie wapi.

Kazi ya pili inayowahitaji wawili ni kutembelea nyumba. Mwanamume akiingia peke yake kwa mjane mara tatu kumrekebishia paa, mara ya nne watu wameshaanza maneno. Mwanamke akienda peke yake kumkanya jirani anayempiga mkewe, huenda asikaribishwe kiti. Wakienda mume na mke, hodi yao haina utata: mmoja atakaa na mwenye nyumba barazani, mwingine atafika jikoni aone kama chungu kina kitu. Na habari za kweli za nyumba zipo jikoni. Kagera inajua uzito wa kazi hii kuliko mikoa mingi, maana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983, na miaka iliyofuata uuguzi wa majumbani uliwaangukia mabibi, wake na mabinti. Wanaume walichimba makaburi. Mgawanyo ule haukuamuliwa na mkutano wowote. Ulitokea tu kwa sababu hakuna aliyeuhoji.

Hata hivyo kutembelea kuna mpaka, na hapa naomba nisomwe polepole. Homa ya Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, upande wa Bukoba, ikaua watu 6 kati ya 9 waliougua, na Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Ugonjwa wa namna hiyo hufuata mikono ya huruma: anayemwosha mgonjwa, anayefua shuka zake, anayeiandaa maiti. Mkikuta homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, msishike kitu. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati, mkae mbali, na msaada wenu uwe wa kulinda watoto wa nyumba ile, kulisha mifugo yao na kuchuma kahawa isiangukie chini. Ni kanuni ileile ya panga: chombo kilichogusa ugonjwa hakihamii shina la pili, na mkono wa binadamu nao ni chombo.

Kuna sababu nyingine ya kwenda wawili ambayo haionekani haraka. Mwaka 2000 watafiti waliuliza kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, ni nani wanamtegemea wakipatwa na shida. Ilionekana kwamba misaada hupita katika njia zinazojulikana: undugu, ukoo, ujirani, dini, rafiki wa rafiki. Ilionekana pia kwamba maskini wana njia chache kuliko wenye nacho, maana yake anayehitaji zaidi ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Ni kijiji cha Wahaya, si cha Wanyambo wa huku kwetu, lakini sidhani kama mtu wa Bugene au Kaisho atakikuta kigeni. Sasa fikiri: kwa desturi ya kuoa nje ya ukoo, mke ametoka ukoo mwingine na pengine kijiji kingine. Ana shoga zake wa kikundi cha hisa, ana wanawake wa kwaya, ana wifi na mashemeji. Mume ana watu wa chama cha msingi cha kahawa, wa kijiwe cha bodaboda na wa lubisi, pombe ya ndizi, ya jioni. Njia hizi zinakutana kwenye mlango mmoja tu, wa nyumba yao. Mtu mmoja akijitolea hufikia watu wa njia zake. Wawili wakiketi usiku wakaulizana, "Ni nani hapa kijijini hakuna kati yetu anayemfahamu vizuri?", jibu litakuwa ndilo jina la kwanza kwenye orodha yao.

Kuketi huko ndiko ninakokuona kazi yenyewe, na nyumba nyingi hukuruka. Kaeni kabla ya kuahidi chochote mkutanoni. Jambo la kwanza ni saa: tuseme tutatoa nusu siku kila baada ya wiki mbili, basi nani atachota maji asubuhi hiyo, nani atapika, mtoto atabaki na nani? Jibu likiwa "mama Anna atajua", hamjakubaliana. Mume amejitolea na mke amekatwa kodi. Jambo la pili ni msimu. Ahadi inayotolewa Juni, kahawa ikiwa kwenye jamvi, au Septemba mvua za kwanza za maharage zikinukia, haitatimia, na kijiji husamehe anayekataa mapema kuliko anayepotea katikati. Chagueni kazi moja tu. Wanandoa walio kwenye kamati ya shule, ya maji, ya kanisa na ya mazishi kwa pamoja hufika wamechoka kote kunne.

Jambo la tatu ni fedha, na hapa wanaume wenzangu wataninunia. Kuna bwana anayesimama kwenye harambee akatangaza mchango wa kupigiwa vigelegele, na vigelegele vikiisha hana hata nauli. Wiki mbili baadaye kahawa yake imeuzwa kwa butura, ingali mtini, mbichi, kwa bei anayoipanga mnunuzi. Mke anajua siku ya kuchuma, pale anapoambiwa miti ile mitatu ya mwisho "ina mwenyewe". Mchango ule ulikuwa mkopo wenye riba kubwa kuliko ya benki yoyote, na waliouwekea dhamana kwa chakula chao hawakushuhudia saini. Wekeni kiwango kabla ya kuondoka nyumbani, kila mmoja akijue, na mtu akipata mori mkutanoni aongeze siku zake za kazi, asiongeze shilingi.

Sasa watakaopinga. Wa kwanza watasema hii ni anasa ya walioshiba: nyumba inayolima kwa jembe la mkono haiwezi kutoa watu wawili kwa mpigo. Pingamizi hili ni zito na silipuuzi. Lakini wawili kwenda pamoja hakumaanishi kila mara kwenda saa ileile. Kuna miezi ambayo namna bora ya mume kujitolea ni kubaki na watoto Jumamosi, akapika, ili mke ahudhurie mafunzo ya kamati ya maji na kurudi bila kukimbia. Hiyo nayo ni kazi ya kijiji, na mwenyekiti angefanya vyema kuandika majina mawili kwenye daftari lake. Lingekuwa badiliko la sentimita mbili za karatasi, na sijui sheria inayolikataza.

Wengine watasema desturi. Mke hasemi mbele ya mumewe, na mume akionekana kumfuata mke kazini watu watamwita majina. Nisichokubali ni kwamba desturi ni jiwe. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, mpango uitwao Bandebereho uliwakutanisha akina baba vijana katika vikao vya kujadili malezi na kazi za nyumbani, na wenza wao wakahudhuria sehemu ya vikao hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliyopimwa takriban miaka miwili baada ya mpango kuanza, yalionyesha wanawake wa kundi hilo wakiripoti kupigwa kwa kiwango cha chini waziwazi kuliko wa kundi la kulinganisha, na wanaume wakifanya kazi za nyumbani zaidi. Walioshiriki ni watu wa kilima kama chetu, wanaokula ndizi na maharage. Sidai kwamba kujitolea pamoja kutaleta matokeo yaleyale. Nadai tu kwamba mume na mke wa Maziwa Makuu wanaweza kukaa kikao kimoja na mbingu zisianguke. Na palipo na kipigo nyumbani tayari, msianze na kazi ya kijiji. Mwenye kupigwa aanze na ndugu anayemwamini, ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, maana sura nzuri ya hadharani ni pazia zuri mno kwa mtu mkatili.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni la upande wa pili: wanandoa wanaofanikiwa kupita kiasi. Bwana akawa mwenyekiti wa kamati, bibi akawa mhazini, na risiti zikawa zinakaguliwa mezani kwao usiku taa ikiwa imefifia. Hata wakiwa waaminifu kama malaika, watu watasema, na watakuwa na haki ya kusema. Kanuni iwe kavu: wawili wasiwe kamwe na saini kwenye akaunti moja ya umma, wala mmoja asisimamie kazi ya mwenzake. Mume akiwa kwenye kamati ya maji, mke asaidie zahanati. Wapewapo posho ya semina, wasichukue viti viwili vya semina moja, kwa sababu posho ya viti viwili ndiyo iliyowafanya watu wa vijijini waanze kuuliza, mtu akitaja neno kujitolea, "kwa shilingi ngapi?" Vilevile wajane, waseja na mama wanaolea peke yao wasifanywe wafanyakazi wa daraja la pili kwa kuwa hawana wa kuja naye. Mtu na dada yake wanatosha. Bibi na mjukuu wa darasa la saba wanatosha pia. Ninachokitetea ni uamuzi wa nyumba nzima, cheti cha ndoa hakinihusu.

Wapo watakaosema kazi hizi ni za serikali. Baadhi ni kweli, na mkiona halmashauri imeliacha boma lenu kwenye lenta mwaka wa tatu bila kulipaua, kazi yenu ya kujitolea ni kwenda wote wawili kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuuliza mabati yako wapi. Kila mtu mzima wa kijiji ana nafasi katika mkutano ule, na nyumba iliyoleta watu wawili ina kura mbili. Wengi huzitumia kama moja.

Mwisho wa zamu nao unahitaji makubaliano. Tangu siku ya kwanza semeni mtaacha lini: mwaka mmoja, misimu miwili, hadi vibanja mnavyovihudumia vikae bila mgomba mgonjwa. Kisha tafuteni nyumba ya kuwapokea mapema, muifundishe mkiwa bado mnaifanya kazi, mkiwaachia mti wa panda na daftari lenye majina ya wazee wanaotembelewa, pamoja na kile mnachokijua ambacho hakiandikiki: nani haoni vizuri lakini hataki kusaidiwa, nani anapenda aulizwe kwanza habari za ng'ombe wake. Makabidhiano hayo yafanyike Aprili, kwa sababu Mei kahawa inaanza kuiva na hakuna mtu Karagwe atakayepata muda wa kuwasikiliza.